Malalamiko Hayasubiri Kibao Kipya

"Nimesikia serikali inaunganisha zile ofisi za kusaidia wagonjwa. Si bora nisubiri wamalize, nipeleke malalamiko yangu sehemu moja?"

Hapana. Usisubiri. Ningependa kuishia hapo, lakini swali hili nimeulizwa msikitini, nimeulizwa kwenye matanga, na juzi kaniuliza muuguzi anayefanya kazi ndani ya NHS yenyewe, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Basi leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimpe gazeti, mimi ninywe chai yangu.

Chanzo chake nakijua. Julai 2025 yalitoka mapitio ya Dkt. Penny Dash kuhusu vyombo vya usalama wa wagonjwa nchini England. Yalipendekeza Healthwatch England ivunjwe na kazi zake zihamie wizarani. Zile Healthwatch za mitaa, takriban 150, kazi zao zigawanywe kati ya bodi za afya za eneo na halmashauri. Watu wakasoma kichwa cha habari, wakajijazia wenyewe yaliyobaki: linakuja dirisha moja litakalosikiliza kila kitu na kukata shauri.

Imani hiyo imeshawagharimu watu, kwa hiyo nitaivunja bila kuibembeleza.

Healthwatch haikuwahi kukata shauri la mtu yeyote. Kazi yake ni kukusanya maoni ya wengi na kuyapeleka kwa wakubwa: foleni za madaktari wa meno, miadi isiyopatikana, wazee wanaoruhusiwa kutoka hospitali usiku. Ukiwapelekea kisa cha mama yako aliyeanguka wodini, watakusikiliza kwa heshima, wataandika, kisha watakuelekeza kwa wahusika. Sasa atakayerithi kazi hiyo arithi mamlaka gani? Marehemu hakuacha shamba, ninyi mnagombea mipaka.

Halafu tunajifanya kana kwamba ni mara ya kwanza. Mabaraza ya Afya ya Jamii yalianzishwa 1974 na kufutwa England mwaka 2003. Yakaja mabaraza ya wagonjwa, nayo yakaondolewa 2008 na nafasi yake ikachukuliwa na mitandao iliyoitwa LINks. Mwaka 2013 LINks nazo zikaipisha Healthwatch. Kila mara palikuwa na kibao kipya, na aliyekuwa ameanza kuzoea njia ya ofisi akaanza upya kuuliza mlango uko wapi. Robert Francis, aliyechunguza maafa ya hospitali ya Stafford, aliandika katika ripoti yake ya 2013 kwamba vyombo vilivyorithi mabaraza yale havikuikuza sauti ya mgonjwa. Vilifanya kinyume chake.

Bado unaamini kuunganisha ni kuongeza nguvu? Tazama 2009. Vyombo vitatu vya ukaguzi, cha hospitali, cha huduma za ustawi na cha wagonjwa wa akili, viliunganishwa vikawa tume moja ya ukaguzi, CQC. Kabla ya hapo, mgonjwa asiyeridhika na jibu la hospitali aliweza kupeleka malalamiko yake kwa kile chombo cha hospitali yapitiwe upya, na akishindwa hapo ndipo aende kwa Ombudsmani, mwamuzi wa mwisho wa malalamiko. Baada ya muungano, hatua ile ya katikati ikatoweka. CQC hukagua hospitali, lakini malalamiko yako binafsi haiyaamui, isipokuwa ya watu walio chini ya sheria ya afya ya akili. Ofisi tatu zikawa moja, na mlango mmoja wa mlalamikaji ukazibwa kwa matofali.

Sisemi kuunganisha ni dhambi. Wales walivunja mabaraza yao saba ya afya ya jamii, na tarehe 1 Aprili 2023 wakaunda chombo kimoja kinachoitwa Llais, yaani "sauti" kwa Kiwelshi. Walikipa eneo pana zaidi, hospitali pamoja na huduma za ustawi, na wakabakiza watetezi wa kumsaidia mwananchi kuandaa malalamiko yake. Hilo lina maana. Lakini hata Llais haihukumu. Kwa hiyo ukisikia ofisi zimeunganishwa, achana na jina na jengo. Uliza: nani sasa ana mamlaka ya kuilazimisha hospitali inijibu?

Kwa England jibu halijabadilika: kinachoilazimisha ni kanuni za malalamiko za 2009. Na ndizo zenye saa. Una miezi 12 tangu tukio, au tangu ulipojua kwamba kuna kosa. Saa hiyo haisimami kwa sababu wizara inapanga upya madawati yake. Nimeshika barua za watu waliosubiri "ofisi mpya" mpaka mwezi wa 14. Kuomba usikilizwe nje ya muda kunawezekana, lakini hapo unaomba huruma badala ya kudai haki.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Kero ya leo, kama dawa haijaletwa au miadi imepotea, nenda PALS, dawati la kusaidia wagonjwa, hapo hapo hospitalini. Ila kumbuka ni waajiriwa wa hospitali. Malalamiko rasmi yapeleke kwa hospitali au daktari mhusika, au kwa bodi ya afya inayolipia huduma hiyo. Chagua mmoja, si wote wawili. Unaweza kusema kwa mdomo, ingawa barua pepe inabaki kama ushahidi. Wanatakiwa kukiri kuyapokea ndani ya siku 3 za kazi. Omba nakala ya faili lako la matibabu; ni bure, na kwa kawaida hutolewa ndani ya mwezi 1. Kiingereza kinakupiga chenga? Dai mkalimani, usimtumie mwanao wa miaka kumi. Uandishi unakushinda? Uliza halmashauri yako nani mtetezi wa malalamiko ya NHS. Naye ni bure. Unahofia usalama wa wengine mikononi mwa daktari fulani, nenda GMC, baraza linalosimamia madaktari. Kama ni muuguzi au mkunga, nenda NMC, baraza lao. Jibu la mwisho lisipokuridhisha, nenda kwa Ombudsmani, kabla haujapita mwaka 1 tangu ujue tatizo. Unataka fidia, tafuta wakili. Kwa kawaida una miaka 3.

Barua ya ukurasa mmoja inatosha: tarehe, wodi, kilichotokea, unachotaka kifanyike. Serikali itaunganisha ofisi zake kwa wakati wake. Wewe tafuta tarehe ya tukio lako kwenye kalenda, na barua uiandike leo.