Kufupisha na Kupima Habari za Mtandaoni: Mfano wa Tabora na Njia ya Misafara

Mwanafunzi wa leo atakaye kuandika juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, hana tena haja ya kungoja nakala moja ya maktaba irudishwe na mwenzake. Kitabu cha Burton cha mwaka 1860, cha Speke cha 1863 na cha Stanley cha 1872, vyote vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na vyasomwa bure katika intaneti. Pamoja navyo zimo kurasa za wenye biashara ya utalii, kamusi elezo na insha za kila namna. Neema hiyo imekuja na taabu yake. Muhtasari utungwao kutokana na habari hizo huweza kuwa safi kwa lugha, lakini aghalabu humwacha msomaji asijue ni nani aliyeona, nani aliyesikia, na nani aliyenakili tu.

Kazi huanza kwa majina. Burton na Speke walipofika Unyanyembe mwezi wa Novemba 1857 waliuandika mji huo kwa jina la Kazeh. Basi mwanafunzi atafutaye neno Tabora peke yake atazikosa kurasa zilizo muhimu kuliko zote. Wajerumani waliandika Unjamwesi, Waingereza waliandika Tippoo Tib, na mtemi Mnywa Sere ameitwa Manua Sera katika kitabu cha Speke. Tena mashine isomayo picha za kurasa kuukuu hukosea herufi, hasa penye majina ya Kiafrika. Haifai mtu kusema kwamba habari fulani haipo kabla hajajaribu tahajia tatu au nne.

Habari ikishapatikana, hufuata kuifupisha, na hapo ndipo wengi hupotea. Chukua mathalani vita vya Unyanyembe vilivyomwondoa Mnywa Sere katika kiti chake, akatawazwa Mkasiwa mahali pake. Katika muhtasari wa haraka mwanafunzi huandika: "Mnywa Sere aliondolewa kwa sababu alitoza ushuru bidhaa za Waarabu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, wala si lazima iwe uongo. Walakini imeficha jambo kubwa. Speke alionana na Mnywa Sere mwenyewe mwaka 1861, wakati mtemi huyo alipokuwa akipigana ili arudi, na habari ya ushuru ni malalamiko ya mtu aliyenyang'anywa nchi, akimwambia mgeni ambaye alitumaini kuwa angempatanisha na adui zake. Upande wa pili yupo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyatoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na Whiteley akayatoa tena kwa tafsiri ya Kiingereza pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mnamo mwaka 1958 na 1959. Tippu Tip avisimulia vita hivyo hivyo kwa upande wa baba yake, Muhammed bin Juma, mfanyabiashara aliyekaa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Naye asimulia akiwa mtu mzima wa Unguja, miaka mingi baada ya mambo yenyewe. Muhtasari mwema hautahitaji maneno mengi kuliko ule mbaya. Utasema tu: Mnywa Sere, kama alivyomweleza Speke, alidai kwamba ugomvi ulitokana na ushuru, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mshirika wa upande ulioshinda, aeleza kwa namna yake. Sasa msomaji ana mizani mkononi.

Kupima si kumwita mmoja mkweli na mwingine mwongo. Ni kuuliza msemaji alisimama wapi, lini, na alikuwa na faida gani katika kusema. Pengine hata mtu mmoja huwa mashahidi watatu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliyaona mauaji ya sokoni Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya kurasa za gazeti kwa wino uliotengenezwa huko huko, na maandishi yakafifia hata yasisomeke. Baadaye aliyanakili katika daftari lake kubwa, ambalo wataalamu huliita Jarida la Unyanyembe, na ambalo Stanley alilichukua alipoondoka Unyanyembe kurudi pwani mwezi wa Machi 1872. Livingstone akafa mwaka 1873, na mwaka uliofuata Horace Waller akatoa kitabu kilichohaririwa. Kwa zaidi ya karne moja watu walikisoma kitabu hicho kana kwamba ndicho kilichoandikwa siku ile. Mwaka 2011 zile kurasa za gazeti zilitolewa mtandaoni, zikiwa zimepigwa picha kwa mianga ya namna mbalimbali hata wino ukaonekana tena, na waliozilinganisha wakaona kwamba Livingstone alipokuwa akinakili alibadili mambo kadha, hasa yahusuyo mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Hapa intaneti imefanya kazi ambayo maktaba moja haikuweza kuifanya. Lakini imewafaa wale tu wanaojua kuuliza: maneno haya yametoka katika karatasi ipi?

Kurasa za utalii ni jambo jingine. Hizo hupenda kusema kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa waliofungwa minyororo. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wengi wao walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliolipwa ujira na waliojua kugoma ujira ulipopunjwa. Haifuati kwamba utumwa haukuwapo: watumwa walipita njia hiyo, nyumba za matajiri wa Tabora zilikuwa na watumwa, na sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika haikuja mpaka mwaka 1922. Katika orodha ya awali ya UNESCO, ambamo Tanzania iliiandikisha mwaka 2006, njia hiyo yaitwa ya watumwa na pembe. Wapagazi hawakutajwa katika jina. Na kurasa kumi zikirudia jambo moja kwa maneno yale yale, zihesabiwe kuwa shahidi mmoja, mpaka ionekane kwamba mojawapo ina chanzo chake yenyewe. Kamusi elezo ya mtandaoni walau huonyesha ni lini sentensi iliingizwa. Kurasa nyingine hazionyeshi hata hilo.

Mfano wa mwisho ni jina lenyewe. Husemwa mahali pengi kwamba Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. Huenda ndivyo. Walakini arudiaye maelezo hayo mara chache hujisumbua kueleza kiambishi ma- kimekwenda wapi, irabu o imegeukaje kuwa a, na -lwa ya mwisho imekuwaje -ra. Mwanafunzi akiyaandika katika muhtasari wake, ayaandike kuwa ni kauli ya watu, kisha aende akaisikie Kinyamwezi chenyewe. Bibi aanikaye matobolwa uani kwake hakuandika tovuti, na treni ya Tabora bado yaondoka Dar es Salaam.