Sura ya Nne: Hospitali ya Kanisa ni ya Nani?

Kila ninapozungumzia huduma za jamii, hakosi mtu wa kuinuka na kusema kanisa lishughulike na roho, miili iachiwe serikali. Kauli hiyo ina sura ya ucha Mungu, lakini Injili haiijui. Msamaria wa Luka sura ya 10 hakumhubiria majeruhi. Alimfunga vidonda kwa mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni. Kesho yake akamwachia mwenye nyumba dinari mbili na ahadi ya kulipa gharama zitakazozidi. Wahubiri wengi huishia kwenye huruma yake na kuziruka zile dinari.

Nilikusudia kugusa pia shule, maji na vikundi vya mikopo, lakini hospitali ndizo zinazopotoshwa kuliko vyote, nami sitaziacha haraka.

Bugando ya Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971 na kutaifishwa 1972. Mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa maaskofu kwa makubaliano na serikali. KCMC ya Moshi nayo ilifunguliwa 1971, chini ya shirika lenye jina la huyohuyo Msamaria Mwema. Wako wanaoziita biashara za maaskofu, na wako wanaodhani wazungu ndio wanaolipa kila kitu. Wote wamekosea. Angalia hospitali teule ya wilaya: wilaya haina hospitali ya serikali, ya kanisa ipo, basi mkataba unasainiwa na hiyo ya kanisa inakuwa ya wilaya. Majengo na uongozi vinabaki kwa dayosisi. Serikali inaleta ruzuku, dawa na watumishi. Kwa hiyo muuguzi anayekufunga bendeji pale huenda mshahara wake unatoka Hazina, ingawa ukutani pana msalaba. Na mapokezi hakuna anayeulizwa cheti cha ubatizo. Ruzuku ikichelewa, anayeumia ni mama mjamzito wa dini yoyote.

Sasa pima kazi hiyo na yaliyotokea Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Maelfu walipanga foleni ya magari kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa huko, wengine wakafia njiani, na wengine wakaacha ARV wakiamini wamepona. Huo haukuwa ushindi wa imani. Yalikuwa maafa, na bado kuna madhabahu zinazoyarudia kwa maji na mafuta ya upako.

Ukiambiwa uache dozi kwa sababu umeombewa, usiache. Rudi kliniki na kadi yako, ukapimwe. Na kama usharika au parokia yako ina zahanati, simama katika mkutano ujao uulize mwaka huu imetengewa shilingi ngapi.