Hisabu Iliyoandikwa Ubavuni mwa Tairi

Mwenye gari aendaye dukani kununua tairi aghalabu huwa na hoja mbili tu, bei na sura, ilhali tairi lenyewe limekwisha kuandikwa ubavuni mwake karibu kila jambo limpasalo kulijua kabla hajatoa fedha zake. Na tuitwae Toyota Wish, gari iliyoshushwa kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa baada ya kutumika Japani, ambayo matairi yake mara nyingi huandikwa 195/65R15 91. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, bali ni kadiri ya kimo cha ubavu katika kila mia ya upana huo. R yaarifu kwamba nyuzi za ndani zimelazwa kukata moja kwa moja toka ukingo hata ukingo, mtindo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu, basi, una kimo cha milimita 127 kasoro kidogo, na ukiuhesabu mara mbili, wa juu na wa chini, ukaongeza milimita 381 za rimu, gurudumu zima lapata kipenyo cha milimita 634 na nusu.

Nambari hiyo ya mwisho, ambayo haikuandikwa popote tairini, ndiyo shina la hisabu yote, kwani gari hujua mwendo wake kwa kuhesabu mizunguko, nayo katika kila kilomita gurudumu hili huzunguka mara 502 hivi. Mtu akifunga 215/65R15, kwa kuwa laingia rimu ile ile na gari yaonekana imeinuka vizuri, kipenyo hufika milimita 660 na nusu, ziada ya 4 katika mia. Na tangu hapo mshale usomapo 100, gari huwa yakwenda kasi kwa kilomita 4 zaidi ya ilivyokwenda zamani mshale ulipokuwa pale pale. Fauka ya hayo, injini hupata uzito katika kuondoka na breki hupata taabu katika kusimamisha, kwa sababu mkono wa kuzungusha umerefuka. Kawaida ya mafundi waangalifu ni kwamba tafauti isipite 3 katika mia, na gari ziendeshwazo kwa magurudumu yote manne zataka yote yalingane, la sivyo mitambo igawayo nguvu hulika upesi.

Atamaniye rimu kubwa anayo njia ya halali. Akichukua 205/55R16, kipenyo ni milimita 632; akichukua 225/45R17, ni 634 na ushei, yaani rimu imepanda inchi 2 na gurudumu halikupanda kitu. Walakini ubavu umeshuka toka milimita 127 hata 101, na hapa ndipo mimi nisipoafikiana na mtindo wa siku hizi. Kitu kibebacho gari ni hewa iliyofungiwa ndani, si mpira. Na ubavu ukiwa mfupi, ukingo wa shimo la barabarani huukuta mpira ukaubana juu ya chuma cha rimu, nyuzi zikakatika kimya kimya, na baada ya siku chache hutokea ubavuni nundu mfano wa yai. Nundu ile ni hewa iliyopenya palipokatika nyuzi, wala haina tiba ya kiraka. Tairi hilo ni la kutupwa. Kwa barabara zetu za matuta na mashimo, inchi 15 za asili ni bora kuliko fahari ya 17.

Rimu nayo ina sharti zake zisizoonekana kwa haraka. Nati 5 za Wish hukaa juu ya duara la kipenyo cha milimita 100, na za RAV4 juu ya duara la 114.3, zote ni Toyota, zote zina nati 5, na rimu ya hii haiingii katika ile. Tundu la kati likizidi kitovu cha gari, sharti pete ya kujazia nafasi, ama sivyo usukani utatetemeka kwa mwendo wa kasi. Tena kuna nambari iliyotiwa alama ET, ya umbali toka katikati ya upana wa rimu hata uso ukaao juu ya kitovu: ukibadili ET45 kwa ET20, gurudumu hutoka nje milimita 25, likakwaruza madigadi na kuzielemea beringi.

Amma ile 91 ya mwisho, maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615. 88 ni kilo 560. Usikubali katu nambari iliyo chini ya ile iliyokusudiwa gari yako, hata kama tairi ni zuri na bei ni ya kirafiki, hasa wewe uchukuaye watu saba na mizigo yao. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa dereva uitazame karatasi ya vipimo vya tairi iliyobandikwa nguzoni, ambayo hata ikiwa ya Kijapani tarakimu zake zasomeka, kisha utafute ubavuni, karibu na herufi DOT, tarakimu nne za juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji akikataa usilitazame, nenda duka jingine.