Sheria ya vizazi bado inamngoja mzazi mjini

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitengua ushindi ambao wanakijiji wa Mulbadaw, wilayani Hanang, walikuwa wameupata Mahakama Kuu dhidi ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Wanakijiji walilalamika kwamba mashamba ya ngano, yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada, yalikuwa yamemeza ardhi yao. Miongoni mwa sababu zilizowaangusha ni kwamba hawakuwa wamethibitisha, kila mmoja kwa nafasi yake, kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Asiyethibitika kuwa mwenyeji hakuweza kudai ardhi kwa mila.

Kesi ile haikuhusu usajili wa vizazi. Lakini yeyote anayedhani cheti cha kuzaliwa ni karatasi ya watu wa mjini aanze na Mulbadaw. Watu waliochunga nyanda za Basotu tangu enzi za mababu waliulizwa wao ni nani, na jibu ambalo kila jirani alikuwa nalo halikutosha mbele ya majaji.

Sheria inayotawala usajili wa vizazi Tanzania Bara, Sura ya 108, ina mizizi mwaka 1920. Waingereza walipoitunga, usajili ulikuwa wa lazima kwanza kwa wageni. Mwafrika alifikiwa baadaye, eneo baada ya eneo. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, ila mifupa yake haijabadilika: mzazi ndiye anayetakiwa kuifuata serikali, ndani ya siku 90, akiwa na tangazo la kizazi alilopewa hospitali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtwika mzazi au mlezi jukumu hilohilo.

Kwa miaka mingi jukumu hilo lilikuwa na maana moja kwa mama wa Mbulu: ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Ada haikuwa kubwa, shilingi 3,500 ukiwahi, 4,000 ukichelewa. Kilichoua ni nauli. Mama anayetoka Yaeda Chini hupanda bonde lote hadi Mbulu mjini, mtoto mgongoni, na masika barabara haipitiki kila siku. Akifika anaambiwa kopi haitoshi, au jina kwenye kadi ya kliniki halilingani na la tangazo. Arudi wiki ijayo. Hapo si ajabu akiamua kuwa cheti kingoje mpaka mtoto aanze shule. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulikuta ni asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa nchini, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi ya hapo.

Mabadiliko ya kweli yalianzia Mbeya mwaka 2013. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, kwa kushirikiana na UNICEF, ulianza kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Ada ikafutwa kwa umri huo, taarifa zikatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi, na mzazi akaondoka na cheti papo hapo. Mpango ukaenezwa mkoa kwa mkoa, Manyara yenye Mbulu na Hanang ikiwamo. Miongoni mwa waliogharamia ni Kanada, nchi ileile iliyogharamia ngano ya Hanang. Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Ndio uliotuonyesha kwamba wazazi hawakuwa wazembe. Ofisi iliposogea, walikwenda.

Lakini mpango si sheria, na mpango una ukingo. Mtoto wa miaka minne anaandikwa bure katani. Kaka yake wa miaka saba, aliyezaliwa nyumba ileile, anarudishwa kwenye utaratibu wa zamani. Aliyepita miaka kumi ana kazi nzito zaidi, maana usajili wake unahitaji idhini ya Msajili Mkuu, na mzazi hutakiwa kukusanya vielelezo: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, kiapo. Mbulu na Hanang, ambako Wakatoliki na Walutheri wana mizizi mirefu, vitabu vya ubatizo vimewaokoa wengi. Katekista alikuwa akifika kigangoni na kuandika majina pale ambapo serikali haikufika. Sasa fikiria Mbarabaig anayeshika dini ya wazee wake, au Mhadzabe wa bonde la Yaeda. Hana kitabu cha parokia cha kumtetea.

Wengine hawana hata tangazo la kizazi. Aliyejifungulia Haydom, katika hospitali ya Kilutheri inayotoa huduma tangu 1955, ameandikwa kwa uangalifu mkubwa. Aliyejifungulia bomani, akisaidiwa na mkwe wake, ameandikwa na nani? Utaratibu unamtaka apate uthibitisho wa uongozi wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa mwendo wa nusu siku. Nesi wa chanjo, kwa upande wake, anamfikia. Huduma ya mkoba inapanda milima na kushuka bondeni kila inapowezekana, na nesi yule anaandika tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi kwa mkono wake. Sheria mpya impe nesi huyo mamlaka kamili ya kusajili palepale chini ya mti, na kadi aliyoijaza iwe ushahidi wa kutosha. Rwanda walifanya jambo la namna hii mwaka 2020 kwa upande wa hospitali: mtoto anaandikwa kwenye daftari la serikali kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kuna pia suala la baba. Sheria yetu inasema mtoto wa nje ya ndoa asiandikwe jina la baba isipokuwa mama na huyo anayekiri kuwa baba waombe kwa pamoja. Kenya walikuwa na kifungu kinachofanana na hicho. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa kinambagua mtoto kwa jambo ambalo si lake. Huku kwetu ndoa nyingi hufungwa kwa ng'ombe na baraka za wazee bila cheti cha ndoa, na baba anaweza kuwa malishoni miezi kadhaa. Kumlazimisha mama amsubiri, au akubali nafasi ya baba ibaki wazi, ni kumwadhibu mtoto kwa makaratasi ya wakubwa. Ushahidi wa wazee walioshuhudia mahari upokelewe.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea Katesh na vitongoji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Aliyekuwa amesajiliwa, hata cheti chake kikizikwa na tope, jina lake limebaki kwenye daftari na anaweza kuomba nakala. Ambaye ushahidi wake wote ulikuwa kadi ya kliniki ndani ya sanduku la chuma hana pa kuanzia.

Vijana wa wilaya hizi wanamaliza kidato cha sita na kukuta Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA. Ndipo mzazi anauza mbuzi, anakimbilia wilayani, anaambiwa kijana amepita miaka kumi na taratibu ni nyingine, huku dirisha la maombi likielekea kufungwa. Usajili wa bure na wa katani upandishwe hadi miaka 18, na mtendaji anayemjua kijana na ukoo wake aruhusiwe kuumaliza bila kumpeleka mjini.