Kipimo cha Sida: jibu la kesho yake halitoshi

Kapote ikipasuka, ama mutu akilala na mwenzake bila kapote, wengine wanakimbia asubuhi yake kupimisha damu. Jibu likitoka «hakuna kitu», wanarudi nyumbani roho imetulia. Hapo njo hatari inaanzia.

Vipimo vingi vya haraka, vile vya kutoboa kidole, havitafuti virusi vyenyewe. Vinatafuta askari ambao mwili unatengeneza ili kupigana na virusi. Askari hao hawatokei siku moja. Kwa kawaida inaomba majuma 3 ao 4, na kwa wengine inaweza kufika miezi 3. Kwa hiyo jibu la kesho yake linaeleza mambo ya zamani, si ya jana usiku. Tena, siku hizo za mwanzo virusi vinakuwa vingi sana katika damu: kipimo kinasema hakuna, kumbe mutu anaambukiza.

Cha haraka si kipimo, ni dawa. Iko dawa ya kuzuia, waganga wanaiita PEP. Inapaswa kuanzishwa mbele ya masaa 72, na inamezwa kila siku kwa siku 28. Tukio likiwa Jumamosi usiku, mwisho ni Jumanne usiku. Lakini kuanza mapema ni bora zaidi. Mwanamuke ao mwanaume aliyebakwa aende kwanza kutunzwa. Mambo ya polisi na tribinali yatafuata.

Je, kila tukio linaambukiza? Hapana. Vidonda na magonjwa ya zinaa vinaongeza hatari. Lakini mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri, mpaka virusi havionekani tena katika damu, haambukizi mwenzake kitandani. Kula sahani moja, kusalimiana ao kuumwa na mbu, Sida haipitie hapo.

Na majibu? Kipimo kimoja kikisema «iko», munganga anahakikisha kwanza kwa vipimo vingine. Kikisema «hakuna» kisha miezi 3, na hakuna hatari ingine iliyopita katikati, jibu hilo linaaminika. Mbele ya siku hiyo, kapote iendelee. Na jibu la bwana si jibu la bibi: kila mutu apime damu yake.