Kuzisoma Picha za Kale (Sehemu ya Tatu): Miguu ya Mtu wa Chini

Juma lililopita tulizitazama picha za vipande vya kazi, vile vitambulisho vya vibarua. Leo nazigeukia picha zilizopigwa kwa nia ya kuuza tiketi: za familia za wanasarakasi. Baba amelala chali, mwanawe amesimama juu ya nyayo zake, na mama yuko pembeni amenyoosha mkono kama anayetukaribisha hemani.

Biashara hii ilishika kasi baada ya mwaka 1854, Mfaransa André Disdéri aliposajili mbinu ya kupata picha kadhaa kwenye bamba moja la kioo, kila moja ikitosha kubandikwa kwenye kadi ndogo ya kutia mfukoni. Bei ya picha ikashuka. Mwanasarakasi aliyezoea kutangazwa kwa mabango ya kuchorwa akaweza kuiuza sura yake mwenyewe, na kumpelekea mwenye ukumbi wa mji wa mbele kabla hajafika.

Tatizo ni kwamba kamera za wakati huo hazikuwa na haraka. Ilibidi mtu atulie tuli kwa sekunde kadhaa, naye mwanasarakasi kazi yake ni kuruka. Basi akapigwa picha ya kuruka bila kuruka: ameegemezwa kwenye chuma kilichofichwa, au ananing'inia kwa waya ambao fundi wa studio aliufuta baadaye kwa brashi. Mwaka 1879 huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge aliwanasa wanamazoezi wakiwa hewani kwelikweli. Hata hivyo mimi hupenda zaidi zile za kabla yake. Misuli ya mtu anayejizuia asitikisike inasema mengi kuliko ya mtu anayeruka.

Neno "familia" nalo linahitaji uangalifu. Katika miaka ya 1840 Mmarekani Richard Risley Carlisle aliwashangaza watu wa London kwa kulala chali na kuwarusha watoto kwa miguu yake. Mpaka leo mchezo huo unaitwa Risley. Waliomfuata waligundua kwamba watazamaji hulipa kwa moyo zaidi wakiamini wanaona damu moja, na "familia" ikawa jina la biashara. Mwanagenzi aliyechukuliwa angali mdogo alipewa ukoo wa bwana wake, akavishwa nguo sawa na za wengine, akapangwa kwenye mstari. Picha haitofautishi mtoto na kibarua. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1879 kuwazuia walio chini ya miaka 14 wasitumiwe katika michezo ya hatari, na sheria haitungwi pasipo kilio. Kwa hiyo ukiikuta picha kama hiyo, usianze na tabasamu. Angalia kama sura zinafanana, kisha angalia mkono wa mkubwa umemshika wapi mdogo.

Halafu shuka chini kabisa. Katika mnara wa watu macho hukimbilia kileleni, kwa msichana aliyenyoosha mikono. Uzito wote umekaa kwa mtu wa chini, na ukweli wake uko kwenye vidole vya miguu vinavyoing'ang'ania ardhi. Akina Wallenda, familia ya wanasarakasi wa kutembea kwenye waya, walijenga mnara wa watu saba juu ya waya: wanne chini, wawili katikati, na mmoja juu kabisa kwenye kiti. Tarehe 30 Januari 1962, mjini Detroit, mnara huo ulivunjika. Wawili walikufa na mmoja akapooza. Mtu wa mbele kwenye waya ndiye aliyeyumba.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sarakasi isiyotokana na ukoo bali na serikali. Tanzania iliwapeleka vijana China miaka ya 1960 kujifunza, na mwaka 1969 ikawa na kundi lake la taifa. Nairobi, Sarakasi Trust imewafundisha vijana wengi katika jengo lililokuwa sinema huko Ngara.

Nami niishiye Kericho, jicho lililozoea picha za minara ya watu haliwezi kupita pakiti ya chai bila kusimama. Mchuma chai anatabasamu, kikapu mgongoni, anga la buluu juu yake. Ni asubuhi, maana huku alasiri ni ya mvua. Hebu tafuta miguu yake. Haipo. Chai hupogolewa ibaki kimo cha kiuno, na ile meza ya kijani inayopendeza kwa mbali imefunika kila kitu kuanzia mshipini kwenda chini: gambuti, aproni ya plastiki iliyolowa umande, matope ya mteremko. Mtu wa chini amekatwa miguu.

Wakati mwingine amekatwa mzima. Mwaka 1956 Brooke Bond, kampuni iliyokuwa na mashamba makubwa hapa Kericho, ilianza kuitangaza chai yake ya PG Tips kwenye televisheni ya Uingereza kwa sokwe waliovishwa nguo za watu, wakinywa chai mezani. Karamu ya sokwe ulikuwa mchezo wa bustani za wanyama. Watazamaji walicheka, na matangazo hayo yakaendelea kwa miongo kadhaa. Aliyeinama kuchuma majani mawili na kichipukizi chake hakuhitajika hata kwa kivuli.

Bomet, kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, picha ni nyingine. Mama, shangazi na kijana aliyefunga shule wanachuma shamba lao wenyewe, na hapo neno familia lina maana yake kamili. Picha hizo hupigwa kwa simu, mara nyingi kwenye kituo cha kupimia, mbele ya mzani. Gambuti zinaonekana zote, na tope lake.

Juma lijalo: mapazia ya studio yaliyochorwa bahari.