Sakulenti za Chunguni katika Nchi ya Mvua

Sakulenti ni mimea inayohifadhi maji katika majani, shina au mizizi yake minene, na baadhi yake, kama mshubiri na mnyaa, si migeni wilayani Rusizi, nchini Rwanda, kwa kuwa mnyaa, ambao Wanyarwanda huuita umuyenzi, umetumika tangu zamani kuzungushia nyua. Hata hivyo, mmea unaovumilia kiangazi uani huweza kuoza chunguni barazani, katika nyumba zilizo karibu na kivuko cha mpaka cha Rusizi I, mkabala na mji wa Bukavu ulio Kongo, na mara nyingi chanzo chake ni maji.

Eneo hilo liko kando ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka, kiangazi kikiwa hasa kati ya Juni na Agosti. Udongo wa mfinyanzi ukijazwa chunguni, maji huziba nafasi za hewa, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kufa, kisha kuvu huishambulia. Kinachopotosha ni kwamba mmea uliopoteza mizizi hunyauka sawa na wenye kiu, hivyo mwenyewe, kwa nia njema kabisa, huuongezea maji na kuumaliza. Basi kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni udongo: ukiwa mkavu hadi ndani na majani yamejikunja, mmea una kiu; udongo ukiwa na unyevu huku majani yamelegea na kuwa ya manjano, mizizi inaoza.

Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga wa chembe kubwa au changarawe, karibu nusu kwa nusu. Kutandaza kokoto chini ya chungu, ingawa wengi huamini kunasaidia, hakuondoi tatizo, kwa sababu maji hubaki katika udongo ulio juu yake. Sakulenti nyingi hufungua vitundu vya majani usiku badala ya mchana, hivyo hupoteza maji kidogo sana na zinaweza kungoja udongo ukauke wote. Wakati wa masika zihamishiwe chini ya paa. Mmea ulioanza kuoza hukatwa sehemu yake iliyo salama, kidonda kikaachwa kikauke kivulini siku kadhaa, ndipo sehemu hiyo ikapandwa upya.

Shina linalorefuka na kupauka linatafuta mwanga. Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kusini, lakini karibu na ikweta jua hupita utosini, kwa hiyo upande wa mashariki hufaa zaidi. Vidung'ata, wadudu weupe kama pamba, hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti.

Anayekata mnyaa avae glavu na kuwaweka watoto mbali, kwa kuwa utomvu wake mweupe huchoma ngozi na huweza kudhuru macho vibaya.